TVZ: kwa nini rangi ilianzia Unguja

Mimi fundi mitambo ya utangazaji, na kila nikisema tv ya rangi ya kwanza kusini mwa Sahara ilikuwa Zanzibar hakosi mtu wa kunibishia, eti lazima iwe Nigeria au Afrika Kusini. Haya tuangalie miaka. TVZ, yaani Televisheni Zanzibar, ilianza 1973. Nigeria rangi ya kwanza ilionekana mji wa Jos mwaka 1974, tena kwenye kituo cha jimbo la Benue-Plateau wala sio cha taifa. Afrika Kusini na utajiri wao wote huduma rasmi ya televisheni hawakuifungua mpaka Januari 1976. Kenya walikuwa na tv tangu 1962 na Uganda 1963, kweli walitutangulia, lakini picha zilikuwa nyeusi na nyeupe.

Wazo lilikuwa la Mzee Karume, akauawa Aprili 1972 hajaiona ikiwaka, ikafunguliwa wakati wa Mzee Jumbe. Pesa ni za karafuu, hilo kila mtu analijua. Ila pesa peke yake haielezi rangi. Kilichosaidia ni kuchelewa! Uingereza walianza kurusha rangi kwa PAL, mfumo wa kupachika rangi kwenye mawimbi ya tv, mwaka 1967, kwa hiyo kufika miaka ya sabini mitambo yake ilishatulia na ipo sokoni, na sisi tulikuwa hatuna kamera za zamani wala studio ya zamani wala watu wenye tv za zamani majumbani wa kuwafikiria, unajenga moja kwa moja kitu kipya. Kenya wasingeweza hivyo, tayari walikuwa na mzigo wao.

Halafu kuna Muungano. Utangazaji haukuwekwa kwenye mambo ya Muungano, kwa hiyo Unguja haikuhitaji ruhusa ya mtu. Kule Bara Mwalimu Nyerere aliona televisheni ni anasa kwa nchi maskini, msimamo ambao binafsi nauheshimu ingawa sikubaliani nao, ndio maana Bara ilikaa bila kituo chochote mpaka 1994 walipoingia ITV na wenzao wa binafsi. Zaidi ya miaka ishirini, yaani nchi moja, upande mmoja una tv ya rangi na mwingine hauna hata ya nyeusi na nyeupe.

Matokeo yake wenye seti Dar na Bagamoyo walikuwa wanaelekeza antena baharini. Na hapa nataka nieleze kidogo maana wengi hudhani ule ulikuwa uzushi. Kutoka mjini Unguja mpaka Dar ni kama kilomita 70, katikati maji matupu, hakuna kilima cha kuziba. Juu ya hapo, usiku hewa kavu yenye joto ikitoka nchi kavu ikalala juu ya hewa ya bahari iliyojaa unyevu, mawimbi ya redio yanapinda chini na kuufuata uso wa maji badala ya kupotea angani, ndio maana siku moja picha safi kama unaangalia dirishani na kesho yake chenga tupu, na hujagusa antena.

Kitu kingine kilichowasumbua watu sana ni sauti. Zanzibar ilichukua aina ya PAL ya Waingereza, PAL I, ambapo masafa ya sauti yanakaa megahezi 6 juu ya masafa ya picha. Kenya, baadaye Bara, hata Dubai walikokuwa wanaendea watu biashara, wao ni PAL B, sauti ipo megahezi 5.5. Mistari ya picha ni ile ile 625. Kwa hiyo mtu analeta tv yake mpya kutoka Dubai, anaiwasha, picha nzuri ya rangi inakuja, sauti hakuna, inakoroma tu. Seti haijaharibika! Fundi anabadilisha kichujio cha sauti kidogo tu ndani, mambo yanakwisha. Zilipoingia seti za mifumo mingi tatizo likafa, na sasa na visimbuzi vya dijitali hata vijana wa ufundi hawajui kama liliwahi kuwepo.

2013 TVZ na redio yetu, Sauti ya Tanzania Zanzibar, vikaunganishwa kuwa shirika moja, ZBC. Jina limebadilika lakini wazee bado wanasema TVZ.

Mimi kinachoniuma ni mikanda. Miongo ya taarab, maigizo, hotuba, sherehe za Mapinduzi, vyote zama zile vilikuwa vinarekodiwa kwenye mkanda wa sumaku, na adui wa mkanda ni unyevu, na kisiwa chetu ni unyevu na chumvi mwaka mzima. Gundi inayoshika zile chembe za sumaku inanyonya maji, inakuwa nata, ukiucheza mkanda unabaki kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma mkanda, na picha inachubuka hapo hapo. Kwa hiyo yeyote mwenye mikanda ya zamani ya utangazaji, nyumbani au ofisini, tafadhali usiijaribu kwenye mashine kuona kama bado inafanya kazi. Inayonata mara nyingi inaokolewa kwa kuikausha kwenye joto dogo la nyuzi 50 hivi kwa saa nyingi, kwenye ovena ya maabara sio ya jikoni, kisha unapata wiki chache tu za kuicheza na kuinakili kwenye kompyuta kabla haijanata tena.