Tenki likiwa na utelezi, jiki haina kosa: maswali kuhusu usafi wa matenki ya maji

Mvua zikianza Kigoma, maswali ninayopata kazini kama mtu wa afya huwa ni ya matenki. Haya nimeyajibu mara nyingi kuliko mengine.

Kila mwezi namimina jiki kwenye tenki la lita 1,000. Wiki haiishi, maji yananuka tena. Nimeuziwa jiki feki?

Huenda imechoka tu, maana jiki iliyokaa juani dukani hupoteza nguvu. Lakini kabla ya kugombana na muuza duka, panda kwenye tenki, fungua mfuniko, pitisha kidole ukutani chini ya usawa wa maji. Kikiteleza kama umemshika kambale, jibu unalo. Ule utelezi ni makazi ya vijidudu. Wamejifunika ute wao wenyewe. Klorini unayomimina inaishia kupambana na ute na tope la chini, inakwisha kabla haijawafikia walio ndani. Kwa hiyo brashi kwanza, dawa baadaye. Watu wengi wa hapa wanaanza na dawa kwa sababu haichoshi mikono.

Basi nioshe vipi?

Subiri tenki likaribie kuisha, umwage yaliyobaki pamoja na tope. Sugua kuta, sakafu, mfuniko na koki ya boya kwa brashi ya mpini mrefu na sabuni kidogo, kisha suuza mpaka povu liishe. Usimtumbukize mtoto ndani eti kwa sababu ni mwembamba! Kama lazima mtu aingie, awe mtu mzima, mwenzake asimame nje akimwangalia, na ndani kusiwe na jiki.

Sasa dawa. Jaza robo ya tenki, mimina jiki, halafu jaza mpaka juu ili maji yachanganyike yenyewe. Soma chupa: ikiandikwa asilimia 3.5, tenki la lita 1,000 linataka lita moja na nusu. Ikiwa asilimia 5, lita moja inatosha. Chukua ile isiyo na manukato. Kisha fungua bomba la jikoni, la bafuni, la nje, moja moja, usifunge mpaka usikie harufu ya dawa. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanasafisha tenki na kuacha mabomba yaliyojaa ute uleule. Funga, acha kwa saa 24. Huwezi kusubiri? Ongeza dawa mara mbili, uache kwa saa 8.

Wakati huo asinywe mtu wala kupikia, na majirani wanaochota kwako uwaambie mapema.

Lita 1,000 nizimwage, na maji yenyewe ya mgawo?

Pigia deki, oshea choo na bafu, loweka matambaa meupe. Yanayobaki yamwage kidogo kidogo kwenye ardhi tupu, si kwenye bustani wala mfereji unaoshuka ziwani. Klorini haichagui, inaua na samaki. Angalizo moja: usiyachanganye na dawa ya choo yenye asidi. Hutoka gesi inayokaba koo na kuumiza mapafu, na bafu zetu nyingi zina dirisha la kiganja.

Mimi ni dereva wa watalii. Tunavuta trela la kambi lenye tenki la lita 80, na lilikaa gereji miezi mitano. Utaratibu ni huo huo?

Ni huo huo, kaka, ila tenki la trela halina pa kuingiza brashi. Lijaze maji, endesha kidogo yapige kuta, uyamwage; rudia mpaka yatoke meupe. Toa kichujio cha mkaa kabla ya kutia dawa, kwani mkaa hunyonya klorini yote. Kama kuna hita, izime ipoe kwanza. Jiki ya asilimia 3.5 weka mililita 115, nusu kikombe cha chai kasoro kidogo. Washa pampu, fungua koki ya moto na ya baridi, na bomba la kuogea usilisahau. Baada ya kusuuza, weka kichujio kipya. Na mpira wa kujazia maji uusafishe pia. Usiwe ule unaooshea matairi.

Nikimaliza naweza kunywa moja kwa moja?

Mwaga yote, jaza upya, fungulia mabomba mpaka harufu kali iishe. Ikibaki kwa mbali haina neno. Maji ya kunywa bado yachemshe au yatie kidonge, hasa kama tenki linajazwa kwa maji ya ziwa. Kipindupindu kilipozuka Kagunga, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 2015, ziwa lilikuwa jeupe kama kawaida yake.

Na mfuniko uurudishe. Juzi nimeukuta mmoja umeanikiwa dagaa.