Chenso Ikitoa Unga, Angalia Tupa Kwanza

Wiki iliyopita mpasuaji mbao kutoka Siha aliniletea chenso yake hapa Moshi, akisema injini imechoka. Tukakata kipande cha mkaratusi uani. Ukatoka unga mtupu, laini kama wa mashineni, na msumeno ukawa unavuta kulia. Injini ilikuwa nzima. Mnyororo mkali hutoa chenga. Unga ni dalili ya meno butu. Kuvuta kulia maana yake meno ya kulia ni marefu au makali kuliko ya kushoto.

Nikamwomba anionyeshe tupa anayotumia. Ilikuwa ya milimita 4, wakati mnyororo wake ni 3/8 ya kawaida (namba hiyo ni kipimo cha nafasi ya pingili zake, kwa inchi), unaotaka tupa ya 5.2 au 5.5 kulingana na mtengenezaji. Tupa nyembamba huzama, ikachimba tumbo la jino. Ncha inabaki kama karatasi: inakata gogo moja vizuri, la pili imeshalala. Ile ya milimita 4 ni ya 3/8 yenye meno mafupi, ya misumeno midogo. Mnyororo wa .325 hutumia 4.8.

Ukinoa, fanya hivi. Bana msumeno kwenye jiriwa, anza na jino fupi kuliko yote, mengine yafuate urefu wake. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, na ukiirudisha inyanyue. Sehemu ya tano ya unene wake ionekane juu ya jino. Hesabu misuguo, kila jino lipate sawa.

Pembe ya kunolea jino la kuangusha mti na kukata magogo ni digrii 30. Lakini wengi wetu huku tunapasua mbao kwa chenso, kwa urefu wa gogo, na hapo digrii 10 hukupa ubao laini zaidi. Nawasihi mtenge mnyororo wa kupasulia peke yake.

Kisha kile kinundu kilicho mbele ya kila jino, ambacho karibu kila anayekuja kwangu hajawahi kukigusa! Ndicho kinachopima jino lizame kiasi gani. Jino likipungua na kinundu kikabaki palepale, halifikii mti hata likiwa kama wembe. Kwa mnyororo wake nilikishusha kwa tupa bapa hadi milimita 0.65 chini ya ncha. Usizidishe, msumeno utaruka kukurudia usoni.

Tulirudi kwenye mkaratusi uleule. Safari hii chenga zilimjaa kiatuni.