Kelele ya giaboksi haitibiwi kwa 140

"Giaboksi inalia? Ssebo, weka 140, itanyamaza." Yaani oili nzito ya gia, namba 140. Kutoka Katwe mpaka Busia ushauri ni huohuo, na unatolewa kwa uhakika wa daktari bingwa. Nimechoka kuujibu mdomoni, basi leo nauandikia.

Kwanza, ndiyo, itanyamaza. Hata mtoto anayelia ukimfunika blanketi tatu utamsikia kwa mbali. Wauzaji wa magari wa zamani walitia vumbi la mbao au maganda ya ndizi kwa kazi hiyohiyo, na gari lilinyamaza mpaka mnunuzi afike kwake.

Pili, namba. Watu wanaona oili ya injini ni 40, ya gia ni 90, wanadhani ya gia ni nzito zaidi ya maradufu. Si hivyo. Ni vipimo viwili tofauti. Kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya gia ya 90 ina sentistoki (kipimo cha uzito wa oili) 13.5 hadi 18.5, na ya injini ya 40 ina 12.5 hadi 16.3. Ni majirani. Sasa 140 inaanzia 24 na kupanda hadi 32.5, hapo ikiwa imeshapata moto. Alfajiri ya baridi ya Kabale, kabla injini haijapasha kitu, ni uji.

Na uji huo unaumiza wapi? Sinkro. Hapa ndipo watu wanapoharakisha, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ringi ya sinkro ni breki ndogo ya shaba ya njano. Unapovuta gia, ringi inabanwa kwenye koni ya gia ili mizunguko ya pande mbili ilingane kabla meno hayajakutana. Ndani yake kuna mifereji myembamba ya kukata utando wa oili na kuisukuma nje, shaba iguse chuma. Oili nzito haitoki upesi kwenye mifereji hiyo. Ringi inateleza juu ya utando, mizunguko hailingani, meno yanagongana: krrr. Dereva wa kamunye (matatu) ana abiria 14 na kondakta anapiga bodi, hasubiri. Anasukuma kwa nguvu. Ncha za meno zinakuwa butu, na baada ya miezi gia ya 2 inaanza kuruka yenyewe. Kisha tunaambiwa spea ya Kiseka, soko la spea la Kampala, ilikuwa mbovu.

Beringi nazo. Giaboksi ya HiAce ya zamani haina pampu inayopeleka oili kila pembe. Gia za shafti ya chini zinachota na kurusha, na matone ndiyo yanayoingia kwenye matundu ya beringi za sindano. Oili nzito mno inachimbwa mfereji: gia inapita katikati, oili inabaki pembeni inatazama. Mtu aliyetia grisi "kuongeza nguvu" ameharakisha mazishi tu.

Nakiri hili: kwa giaboksi iliyokwisha kabisa, ambayo mwenyewe hana pesa ya kuishusha, 140 inaweza kumsogeza miezi kadhaa. Sijui ni mingapi, na anayekutajia namba anakisia. Ila huko ni kununua muda, usikuite matengenezo.

Kabla ya oili yoyote, sikiliza. Gari limesimama, injini inawaka, nyutro, mguu hauko kwenye klachi: kelele ipo, na ukikanyaga inapotea? Beringi ya shafti ya mbele, au za shafti ya chini. Inakuja ukikanyaga? Rilizi beringi, ile ya klachi; giaboksi haihusiki. Inalia gia zote isipokuwa ya 4? Gia ya 4 inapita moja kwa moja bila kubebesha shafti ya chini mzigo, basi tafuta huko chini. Inalia ya 5 peke yake? Pima kiwango cha oili kwanza, kwa sababu ya 5 mara nyingi ndiyo ya kwanza kukaukiwa. Mvumo unaofuata mwendo wa gari hata ukiteleza kwa nyutro: difu (gia za ekseli ya nyuma), senta beringi au beringi za magurudumu. Kugonga "tak" unapoondoka: krosi ya propela shafti.

Gia zikikataa kuingia, nenda kwenye klachi. Kanyaga mpaka mwisho, hesabu mpaka tano, weka rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii: toa hewa, kagua pampu ya juu na ya chini. Nimeona giaboksi nzima zikifunguliwa kwa sababu ya pampu inayovuja.

Sasa GL-4 na GL-5, madaraja mawili ya oili ya gia. Vitabu vinasema GL-5 inakula shaba, kwa kuwa salfa na fosforasi yake ni karibu maradufu. Hapo nina shaka. GL-5 nyingi za leo zimetengenezwa zisiwe kali kwa shaba, na Toyota yenyewe imeruhusu GL-4 au GL-5 ya 75W-90 kwenye giaboksi zake nyingi za aina hii. Mimi bado natia GL-4, kwa sababu GL-5 huteleza zaidi na sinkro iliyochoka inahitaji msuguano. Difu ni habari nyingine: huko GL-5, bila mjadala. Kununua debe moja la kumalizia vyote viwili ndiyo mwanzo wa matatizo.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi fupi. Endesha kilomita 15 oili ipate moto, simamisha mahali tambarare. Fungua nati ya KUJAZIA kwanza (spana ya 24 kwenye HiAce nyingi). Ikigoma, bora ujue sasa kuliko ukiwa umeshamwaga. Kisha ya kumwagia. Irudishe na washa mpya, ile ringi ya kuzibia. Jaza kwa bomba la mkono mpaka oili ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia. Inaingia lita mbili na kitu, nunua tatu. Safisha kipumulio cha juu: kikiziba, presha inasukuma oili kwenye oilsili (mipira ya kuzuia oili isivuje), halafu mtu anatia 140 "kuzuia uvujaji". Rudia kila kilomita 40,000. Kwa taxi ya kila siku mimi nasema 20,000.

Kabla ya kurudisha nati ya kumwagia, tazama sumaku yake. Tope laini la kijivu ni kawaida. Chenga za dhahabu ndani ya oili ni sinkro. Ukikuta vipande vyenye pembe, usijaze kitu. Shusha giaboksi.