Ugomvi wa bwenini: nani akae katikati?

Katika shule nyingi za sekondari hapa Arusha na Moshi, ugomvi wa bwenini huishia kwa mwalimu wa nidhamu. Anauliza nani kaanza, anatoa adhabu, basi. Baada ya wiki mbili wale wale wanavutana tena kwenye foleni ya bomba, kwa sababu kosa limeadhibiwa ila kinyongo kimebaki. Ushauri wangu: kabla ya kuuliza nani kaanza, uliza nani anafaa kukaa katikati. Hapo Wamaasai na Waarusha wametutangulia mbali.

Kwao rika la vijana hulelewa na rika la pili juu yake, si lile lililo jirani. Rika jirani ni mshindani, limeshika nafasi ambayo wadogo wanaitaka. La juu zaidi halina cha kugombania nao. Sasa angalia shule zetu: kidato cha kwanza wakigombana, anatumwa kiranja wa kidato cha pili, ambaye mwaka jana tu alikuwa akiwachotea wakubwa maji na sasa anaona ni zamu yake kuchotewa. Atasuluhisha nini? Wape kidato cha tatu. Wa kidato cha pili waende kwa cha nne. Wakubwa wenyewe wakigombana, akae patroni au matroni na mzazi mmoja mwenye heshima asiye na mtoto kwenye ugomvi huo.

Laigwanani, yaani kiongozi na msemaji wa rika kwa Wamaasai, naye hutoka ndani ya rika lake, na nguvu yake ni kusikilizwa. Kwa hiyo kila darasa lichague lenyewe msemaji wake. Yule anayeandika majina ya wapiga kelele hafai hata kama ni mpole, maana darasa limeshamhesabu upande wa walimu.

Kikao kiwe cha watu saba: wagombanaji wawili, kila mmoja na msemaji wake, wasuluhishi wawili, na patroni anayesikiliza tu. Viti duara, meza iondolewe. Anayeongea ashike kitu, hata dasta ya ubaoni (rungu hapana, shuleni ni silaha). Aliyeumizwa aanze. Mwenzake, kabla ya kujitetea, arudie alichosikia mpaka aliyeumizwa akubali kwamba ndivyo alivyosema. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ikirukwa kikao kinageuka mahakama. Wasuluhishi waseme mwisho. Mkubwa akitangulia kutoa maoni, wote watamfuata. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha. Kikizidi, endeleeni kesho.

Kisha kuna sale. Uchaggani mkosaji hupeleka jani la sale, mmea ule ule wa mipaka ya kihamba (shamba la nyumbani la ukoo), na aliyeletewa huona uzito mkubwa kulikataa. Uzito huo ndio hatari yake shuleni. Mwalimu mwenye haraka humlazimisha mtoto kutoa sale dakika ya kwanza, na aliyeonewa anafungwa mdomo kabla hajasema. Jani lije baada ya maumivu kusikika na fidia kukubaliwa. Ndoo iliyopasuliwa ilipwe kwa ndoo, kwa tarehe iliyoandikwa. Kupiga deki wiki nzima hakumrudishii mwenzako ndoo. Na asiyetaka sale, kwa dini yake au kwa kuwa kwao haijulikani, ampe mwenzake mkono mbele ya wote saba.

Mabaraza ya zamani yalikuwa ya wanaume. Hilo tusilibebe: penye msichana kwenye ugomvi, angalau msuluhishi mmoja awe msichana. Wala msuluhishi asichape mtu. Kwa kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002, kiboko ni cha mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kipigo kilichojeruhi na ukatili wa kingono havisuluhishwi kwenye duara kabisa. Mkuu wa shule apeleke taarifa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto polisi, siku hiyo hiyo.

Siku ya 14 wasuluhishi warudi bwenini, wamuulize kila mmoja peke yake, halafu wakasimame kwenye foleni ya bomba asubuhi waone nani anachota ndoo ya nani.