Wachapishaji Wadogo na Hadithi Zilizokataliwa na Wakubwa

Msomaji wa leo anayekuta vitabu vya Isaac Asimov, mwandishi wa bunilizi za kisayansi, au H. P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha, katika maduka makubwa ya vitabu huenda akadhani kwamba kampuni kubwa ndizo zilizoitambua thamani yake kwanza. Sivyo ilivyokuwa. Katika Marekani ya miaka ya 1930 na 1940, bunilizi za kisayansi na fantasia zilitoka kwa wingi katika majarida ya bei nafuu, yaliyopigwa chapa kwenye karatasi duni iliyogeuka manjano na kumeguka upesi. Toleo jipya lilipofika vibandani, la zamani liliondolewa, na hadithi zilizokuwamo zikatoweka nalo.

Lovecraft alifariki mwaka 1937 bila kampuni kubwa hata moja kuchapisha kitabu chake. August Derleth na Donald Wandrei, waandishi waliowahi kuandikiana naye barua, walikusanya hadithi zake na kuzipeleka kwa wachapishaji wakubwa, wakakataliwa. Mwaka 1939 waliamua kuanzisha Arkham House katika mji mdogo wa Sauk City, jimbo la Wisconsin, wakachapa nakala 1,268 kwa bei ya dola 5, ambayo wakati ule haikuwa ndogo. Nakala hizo zilichukua takriban miaka minne kumalizika. Kampuni yenye wanahisa isingevumilia mauzo ya kobe namna hiyo, lakini Derleth alivumilia, akiziba pengo kwa mapato ya kalamu yake mwenyewe, na mwaka 1947 Arkham House hiyohiyo ikatoa kitabu cha kwanza cha Ray Bradbury, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa fani hii.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walijitokeza wengine, wengi wao wakiwa wapenzi wa fani hii waliokuwa na mtaji mdogo na orodha ya anwani za wasomaji. Gnome Press, iliyoanzishwa New York mwaka 1948 na Martin Greenberg na David Kyle, ilichapisha kati ya mwaka 1951 na 1953 vitabu vitatu vya Asimov vinavyojulikana kama Foundation, vilivyotokana na hadithi zake za majaridani. Kampuni ya Doubleday, iliyokuwa tayari imemtolea Asimov riwaya mpya, haikuzitaka hadithi hizo za zamani.

Hapa ndipo sifa za wachapishaji wadogo zinapoingia doa. Gnome Press ilikuwa hodari wa kuchagua miswada na dhaifu wa kulipa. Asimov hakupata mrabaha wake, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi, ipasavyo, na mwaka 1961 Doubleday ilichukua haki za vitabu hivyo, ikavuna kile ambacho wengine walikuwa wamekipanda. Mwaka uliofuata Gnome Press ilifunga milango, na mwaka 1966 vitabu hivyo vitatu vilipewa Tuzo ya Hugo, tuzo mashuhuri ya bunilizi za kisayansi na fantasia, ya mfululizo bora wa wakati wote. Kwa maoni yangu, kisa hiki ndicho kinachomfaa zaidi mwandishi chipukizi anayevutiwa na mchapishaji mdogo: mkataba wake ueleze mrabaha utalipwa lini, taarifa ya mauzo itatolewa mara ngapi, na haki zitamrudia lini iwapo kitabu kitaacha kuchapwa.

Kazi ya kupokea miswada isiyo na soko la uhakika bado iko mikononi mwa wachapishaji wa aina hii, na waandishi wenye asili ya Afrika wamenufaika nayo. Mwaka 2012 StoryTime, chini ya mhariri Ivor Hartmann kutoka Zimbabwe, ilitoa AfroSF, mkusanyo wa bunilizi za kisayansi za waandishi wa Kiafrika. Mwaka uliofuata Small Beer Press ya Massachusetts ilichapisha A Stranger in Olondria, riwaya ya kwanza ya Sofia Samatar, Mmarekani mwenye asili ya Somalia, aliyeiandika alipokuwa akifundisha Kiingereza Sudan Kusini. Ni kitabu cha mwendo wa polepole, chenye lugha nzito inayomtaka msomaji atulie, yaani sifa zilezile zinazoitia idara ya mauzo mashaka. Mwaka 2014 kilishinda Tuzo ya Fantasia ya Dunia kwa upande wa riwaya.