Gesi ambayo seli za kobalti hazitaki

Mwanafunzi wa metalurjia wa hapa Lubumbashi anapofika kwenye TP yangu (somo la vitendo la labo), haidrojeni anaijua kama mwizi. Kwenye elektrolisisi ya shaba, yaani kuitoa metali kwenye mmumunyo wake kwa umeme, haimsumbui, maana shaba huiwahi kushika kathodi, kibati cha upande hasi. Kobalti ni habari nyingine: katika hali sanifu iko volti 0.28 chini ya haidrojeni, kwa hiyo gesi na metali hugombania umeme uleule. Ndiyo sababu asidi ya seli za kobalti huchungwa isizidi. Povu likipanda kathodini, umeme umelipiwa na kobalti haikuongezeka.

Mimi nawaambia: leo haidrojeni izalisheni, na muipime.

Vifaa ni vya kawaida: seli ya kioo, vibati viwili vya nikeli, maji safi yenye soda kostiki, ileile ya watengeneza sabuni, na batri, ili umeme wa mji ukikatika tusisimame. Miwani ni lazima. Chumvi ya jikoni haiingii labo, kwani ingetupa klorini, na klorini ni sumu.

Ampea 1 kwa dakika 10 ni kulomu 600 za chaji ya umeme. Kila molekuli ya haidrojeni inadai elektroni mbili, hivyo tunatarajia moli 0.0031 (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), yaani mililita 76 kwa nyuzi 25, kama tungekuwa usawa wa bahari. Mirija inaonyesha karibu 90. Hapo ndipo raha yangu ilipo. Kikundi kimoja huandika ufanisi wa asilimia 118 kwa mkono usiotetemeka. Kingine hufuta kipimo chake na kuandika mililita 76, na hicho ndicho ninachokigombeza zaidi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 88, si 101, na ndani ya mrija mvuke wa maji umechukua sehemu yake. Gesi ni ileile, imepata nafasi ya kutanuka. Siwaelezi mpaka mmoja aulize: “Prof, baromita iko wapi?”

Baadaye tunasoma volti. Nadharia inataka 1.23 ili maji yaachane. Seli yetu inakula karibu 2. Kwa volti 2, kilo moja ya haidrojeni hugharimu kilowati-saa 53 hivi, nayo ikitumiwa hutoa 33, na seli ya mafuta, kifaa kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme, hurudisha nusu tu ya hizo kama umeme. Kwa hiyo anayetaka kuwasha taa nyumbani Katuba, mtaa wa mji wetu, anunue paneli na batri. Haidrojeni naitetea pale batri isipoweza: kutengeneza amonia ya mbolea, au kuondoa oksijeni kwenye oksidi za metali.

TP inayofuata ni hiyo ya mwisho: unga mweusi wa oksidi ya shaba ndani ya mrija, haidrojeni inapita, moto chini. Unga unageuka mwekundu na matone ya maji yanajikusanya upande wa baridi. Ila hewa yote itoke kwanza, kwa sababu haidrojeni ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 hewani inalipuka, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Anayewasha kabla sijapima gesi ya mwisho wa mrija anamalizia somo uani.