Je, wajua kwa nini gigahezi za kompyuta ziligoma kupanda tangu 2004?

Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta ya PC AT, iliyokuwa na prosesa (chipu inayofanya mahesabu) ya megahezi 6, yaani mapigo milioni 6 kwa sekunde. Miaka 20 baadaye, Novemba 2004, kampuni ya Intel iliingiza sokoni prosesa ya Pentium 4 ya gigahezi 3.8, yaani mapigo bilioni 3.8 kwa sekunde. Hapo kasi ya mapigo ilikuwa imepanda zaidi ya mara 600. Ongeza miaka 20 mingine: mwaka 2024 Intel hiyohiyo ilitoa Core i9-14900KS inayofika gigahezi 6.2, tena kwa vipindi vifupi tu. Mara 600, kisha hata mara mbili haikufika!

Ukiuliza sababu, wengi watakujibu kwamba Sheria ya Moore imekufa. Jibu hilo limeenea mno, na linachanganya mambo mawili tofauti. Gordon Moore, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, aliandika mwaka 1965 kwamba idadi ya vijenzi vinavyowekwa kwenye chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha: kila baada ya miaka miwili. Hesabu yake ilihusu idadi. Gigahezi hazikuwemo.

Na idadi hiyo haikusimama mwaka 2004. Ile Pentium 4 ilikuwa na transista (swichi ndogo mno za umeme) milioni 125 kwenye kipande cha silikoni cha milimita za mraba 112, kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Chipu ya M1 ambayo Apple iliitoa mwaka 2020 ina transista bilioni 16, kwenye kipande kinachokaribiana na hicho kwa ukubwa. Ni zaidi ya mara 120. Lakini mapigo yake ni gigahezi 3.2, pungufu ya ile Pentium! Na bado ni kompyuta yenye uwezo mkubwa kuliko ile kwa mbali, kwa kuwa gigahezi huhesabu mapigo tu. Kazi inayofanyika ndani ya kila pigo ni habari nyingine. Kwa hiyo muuzaji wa laptopu za mtumba akikutajia gigahezi peke yake, hajakwambia kitu. Muulize prosesa ni ya mwaka gani na ya kizazi gani.

Kanuni iliyovunjika ni nyingine kabisa, na haijulikani sana mitaani. Aliiweka wazi Robert Dennard wa IBM pamoja na wenzake mwaka 1974. Walionyesha kwamba ukipunguza vipimo vyote vya transista kwa asilimia 30 hivi, na volti nayo ukaishusha kwa kiwango hichohicho, transista hutumia takriban nusu ya umeme na kukaa kwenye takriban nusu ya eneo. Unaweka mbili pale ilipokuwa moja, unaongeza mapigo, na chipu haizidi kuwa ya moto. Kwa takriban miaka 30 watengenezaji walikula matunda ya kanuni hiyo.

Ili kuona ilipokwamia, chukulia kila transista ni ndoo ndogo inayojazwa maji kutoka kwenye tangi lililo juu ya mnara. Kuandika moja ni kuijaza ndoo. Kuandika sifuri ni kuyamwaga maji yote chini. Maji yaliyomwagika hayarudi, na nguvu iliyotumika kuyapandisha mnarani inaishia kuwa joto. Kimo cha mnara ndicho volti. Mnara ukiwa mrefu unalipa mara mbili: kila lita imepandishwa juu zaidi, na msukumo mkubwa unashindilia maji mengi zaidi kwenye kila ndoo. Ndiyo maana umeme unaotumika hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Sasa, ukitaka kujaza na kumwaga haraka zaidi, yaani kuongeza gigahezi, unahitaji msukumo, na msukumo unatoka kwenye kimo cha mnara.

Nafuu ilikuwa kufupisha mnara kila kizazi, kutoka volti 5 miaka ya 1980 hadi volti 1 na ushei mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapo koki zinazofungulia na kufunga maji hayo zikaanza kuvuja. Koki ya transista hufungwa kwa volti pia, na kadiri volti inayohitajika kuifungua inavyokuwa ndogo ndivyo isivyofunga sawasawa. Elektroni hutikiswa na joto la kawaida, na baadhi hupenya. Shusha kizingiti hicho kwa milivolti 60 hadi 100 tu, uvujaji unaongezeka mara 10. Zidisha kwa transista milioni mia moja: chipu inakula umeme hata ikiwa haifanyi kazi yoyote. Halafu joto likipanda, uvujaji nao unapanda.

Dalili zilionekana mapema. Mwaka 2001 Pat Gelsinger wa Intel alionya kwamba mwenendo ule ukiendelea, joto kwa kila sentimita ya mraba ya chipu lingefikia lile la kinu cha nyuklia, na baadaye la uso wa jua. Pentium 4 ya gigahezi 3.8 ilishahesabiwa wati 115. Oktoba 2004 Intel ilifuta mpango wa toleo la gigahezi 4, na mwaka uliofuata ikaanza kuuza chipu zenye viini viwili, yaani prosesa mbili ndani ya chipu moja.

Unaweza kuliona hili mwenyewe. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha CPU. Tazama namba ya kasi. Kompyuta ikiwa imetulia inaweza kushuka chini ya gigahezi 2. Fungua programu nzito, inaruka hadi 4 au zaidi, kisha joto likizidi inapunguzwa. Prosesa inagawa mgao wake wa joto sekunde hadi sekunde.

Kuhusu mbele, njia iliyo wazi zaidi ni koki bora. Tangu 2012 Intel imeuza transista ambazo lango lake (sehemu inayofungua na kufunga koki) linaukumbatia mkondo (njia ya elektroni) kwa pande tatu, na kuanzia 2022 Samsung ikaanza kutengeneza zinazouzunguka pande zote. Uvujaji unapungua, ila mnara haufupiki sana. Kompyuta za kwanta hutajwa sana hapa, lakini zinalenga aina fulani za mahesabu, na hakuna dalili kwamba zitachukua nafasi ya prosesa ya simu yako. Kinachonivutia zaidi ni kaboni: mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walionyesha prosesa ya transista zaidi ya 14,000 za mirija midogo mno ya kaboni, nayo ikaendesha programu na kuandika salamu. Kutoka 14,000 hadi bilioni 16 ni mbali, na bado haijathibitika kwamba mirija hiyo inaweza kuzalishwa kwa wingi huo bila kasoro.